Likizo Iliyobeba Mzigo wa Shule

Kambi za masomo za kiangazi nchini Marekani, ambamo mtoto wa miaka 12 au 13 hulala katika bweni la chuo kikuu kwa wiki tatu akisoma aljebra au uandishi kuanzia asubuhi hadi jioni, husimuliwa kama kisa cha ushindi. Ukifuatilia chimbuko lake, unakuta mlango uliofungwa. Mwaka 1968 kijana wa Baltimore, Joseph Bates, alikuwa akihudhuria somo la kompyuta la likizo katika chuo cha Towson na kuwaacha mbali watu wazima aliokuwa nao darasani. Mwalimu wake akapeleka habari kwa Julian Stanley, mtaalamu wa takwimu na upimaji katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Januari 1969 Stanley akampima kwa mitihani ya kujiunga na vyuo, na alama zikawa za juu mno. Akawaendea wakuu wa shule za sekondari, za serikali na za binafsi, kuomba kijana huyo akae na wanafunzi wa madarasa ya mwisho. Wazo hilo likaonekana kichekesho. Hapo ndipo Johns Hopkins yenyewe ilipompokea mwaka huohuo, akiwa na miaka 13, na alipotimiza 17 alikuwa na shahada mbili. Hoja yangu inaanzia hapo: kambi ya kiangazi ilizuka kwa kuwa shule ilikataa kusogea, na kadiri kambi ilivyostawi ndivyo shule ilivyopata sababu ya kuendelea kukaa palepale.

Stanley mwenyewe hakuwa na nia ya kambi. Alipopata fedha za Spencer Foundation mwaka 1971, alichotaka ni kuwatafuta watoto wa aina ya Bates na kuwasogeza mbele ndani ya mfumo uliopo. Mbinu yake ya kuwatafuta ilikuwa rahisi, na ndiyo uvumbuzi mkubwa kuliko yote yaliyofuata. Mtihani wa darasa la 7 hauwezi kuwatofautisha watoto wanaolimudu kikamilifu darasa la 7. Wote hugonga dari, kama mtu anayepima urefu wa mlingoti kwa rula ya shuleni. Kwa hiyo Machi 1972 watoto wapatao 450 wa Baltimore na vitongoji vyake waliitwa kufanya mitihani migumu kupita umri wao, ukiwemo ule wa hisabati wa SAT uliotungwa kwa ajili ya vijana wanaomaliza sekondari. Dari likainuliwa, na tofauti zilizokuwa zimefichika zikajitokeza. Kiangazi cha mwaka huo likaanzishwa darasa la hisabati la Jumamosi, saa mbili kwa wiki, na kwa miezi 14 hivi baadhi ya wanafunzi wakamaliza mada ambazo shule huzigawa kwa zaidi ya miaka minne.

Inafaa kutazama kwa karibu jinsi kasi ya namna hiyo inavyowezekana, maana wengi hudhani ni uchawi wa akili tu. Katika utaratibu wa Stanley, mtoto alipewa kwanza mtihani wa somo zima ambalo bado hajafundishwa. Mwalimu hakuishia kwenye jumla ya alama; alipitia swali moja moja, akaweka kando yale mtoto aliyokwisha kuyajua bila kufundishwa na mtu, akamrudishia aliyokosa ayajaribu tena bila haraka. Yaliyoshindikana mara ya pili ndiyo pekee yaliyofundishwa, kisha mtihani mwingine ukafuata. Kazi ya mwaka ikapungua kwa sababu sehemu kubwa yake ilikuwa marudio. Utaratibu huo hauhitaji bweni wala kiangazi. Ungeweza kufanyika Jumanne yoyote katika shule yoyote. Lakini mwaka 1979 Johns Hopkins ilianzisha ofisi maalumu ya kutafuta na kukuza vipaji, na mwaka 1980 kambi ya kwanza ya bweni ikafunguliwa katika chuo cha St. Mary's, Maryland. Vyuo vikuu vya Duke na Northwestern vikafuata njia hiyo muda mfupi baadaye. Kiangazi kilichaguliwa kwa sababu nyepesi: mabweni yalikuwa matupu, na hapakuwa na mkuu wa shule wa kuombwa ruhusa.

Linganisha na Siberia. Mwaka 1962 wanasayansi wa Akademgorodok, karibu na Novosibirsk, waliendesha olimpiadi ya hisabati na fizikia, wakawaita waliofanya vizuri kwenye shule ya kiangazi. Januari 1963 waliochaguliwa humo wakaingia shule ya bweni ya mwaka mzima. Kule kiangazi kilikuwa mchujo wa kuingilia shuleni. Maryland kilikuwa safari yenyewe, na Septemba, shule zilipofunguliwa, mtoto aliyemaliza aljebra kambini aliweza kujikuta darasani akianza aljebra ukurasa wa kwanza.

Wapo watakaonijibu kwamba North Carolina ilikuwa na Governor's School tangu 1963, iliyoanzishwa na gavana Terry Sanford katika chuo cha Salem, bila alama wala mitihani, na kwamba mwaka 1980 jimbo hilohilo lilifungua Durham shule ya bweni ya sayansi na hisabati kwa fedha za umma. Ni kweli, na naziheshimu zote mbili. Hata hivyo ziliwalenga vijana wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Mtoto wa miaka 12 hazikumgusa. Pingamizi zito zaidi linatoka kwa warithi wa Stanley, waliowafuatilia watoto waliopimwa kwa miongo kadhaa na kukuta shahada za uzamivu na hataza kwa wingi usio wa kawaida. Takwimu hizo zinathibitisha kwamba mtihani ulibashiri vizuri. Hazitoshi kuthibitisha kwamba kambi ndiyo iliyowafikisha huko, kwani anayekwenda kambini mara nyingi ana mzazi mwenye habari, muda na ada. Misaada ya ada ilikuwepo, lakini ilimfikia aliyekwisha kusikia kwamba kambi ipo.

Kisha kuna swali la mwenye mali. Darasa lililoandikwa katika sheria ya jimbo lina mbunge wa kulalamikiwa. Kambi ina mwenyeji tu. Mwaka 2020 janga la korona lilifunga mabweni, na programu ya Duke, iliyokuwa imedumu takriban miaka 40, haikurudi tena. Kuifunga hakukuhitaji kura ya bodi yoyote ya shule. Uamuzi wa chuo kikuu ulitosha.