Kifungo Dhaifu cha Risasi na Kaboni: Historia Fupi ya Risasi Tetraethili

Makala haya yanatoa hoja kwamba udhaifu wa kifungo kati ya atomu ya risasi na atomu ya kaboni ndio ulioipa risasi tetraethili thamani yake sokoni, na ndio huohuo uliosambaza madhara yake.

Usanisi wa misombo hiyo ulianza katika miaka ya 1850, Carl Löwig alipochanganya iodidi ya ethili na aloi ya risasi na sodiamu. Katika risasi tetraethili, atomu moja ya risasi hushikana na vikundi vinne vya ethili. Kadiri kundi la kaboni linavyoteremka kuelekea risasi, ndivyo atomu zinavyokuwa kubwa na elektroni zake kupishana kwa uhafifu na zile za kaboni. Hivyo, kifungo cha risasi na kaboni hakifikii nusu ya nguvu ya kifungo cha kaboni na kaboni.

Desemba 1921, Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors alibaini kwamba kiasi kidogo cha msombo huo huzuia injini kugonga. Joto la silinda huvunja vifungo, na chembe za oksidi ya risasi huizuia petroli isijiwakie kabla ya kufikiwa na mwali. Mwaka 1929, Friedrich Paneth na Wilhelm Hofeditz waliutumia udhaifu huo kwa lengo jingine: walipasha moto risasi tetramethili ndani ya bomba la kioo, wakathibitisha kuwapo kwa radikali huru za methili.

Hata hivyo, ini la binadamu nalo huweza kukata kifungo kimoja, na kinachobaki hushambulia ubongo. Oktoba 1924, wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walifariki. Kwa umma mpana, madhara yalitoka kwenye moshi wa magari.

Azimio la Dakar la 2001 liliziongoza nchi za Afrika kusini mwa Sahara kuachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021, kama lilivyotangaza Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lenye makao yake Nairobi. Hata hivyo, risasi ni elementi, haiozi. Iliyokwisha kutua kandokando ya barabara za miji imo bado udongoni, mahali watoto wanapochezea.