Uraia Kabla ya Mtaji: Mkenya wa Ughaibuni Anayeanzisha Biashara Nyumbani

Katika mwaka wa 2024, Wakenya wanaoishi ughaibuni walituma nyumbani takriban dola za Marekani bilioni 4.94, kwa mujibu wa takwimu za Benki Kuu ya Kenya. Baadhi yao hunuia kurejea na kufungua biashara: nyumba za kupangisha, shamba la parachichi, karakana. Maswali yao ya kwanza huhusu mtaji na kodi. Lipo swali linalopaswa kutangulia: mbele ya sheria, anayerejea ni raia au ni mgeni?

Kabla ya tarehe 27 Agosti 2010, mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza uraia wa Kenya. Katiba iliyozinduliwa siku hiyo ilibadilisha hali hiyo. Kifungu cha 16 kinaeleza kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Hata hivyo, aliyeupoteza kabla ya hapo harejeshewi bila kuomba. Kifungu cha 14 kinampa haki ya kuurejesha, ila sharti awasilishe ombi. Hapa ndipo wengi hukosea. Aliyekula kiapo cha uraia wa Marekani mwaka wa 1998 na asiwasilishe ombi lolote, bado ni mgeni, hata kama wazazi wake wamezikwa Murang'a na kitambulisho chake cha zamani kingali kabatini.

Mtoto aliyezaliwa ng'ambo ni raia wa kuzaliwa iwapo siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia wa Kenya.

Tofauti hii huonekana wazi zaidi katika ardhi. Kifungu cha 65 kinamruhusu asiye raia kushikilia ardhi kwa ukodishaji pekee, usiozidi miaka 99. Kampuni nayo huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa kikamilifu na raia. Mkenya anayempa mwenzi wake wa kigeni hisa moja tu, pengine kwa mapenzi, huifanya kampuni nzima kuwa ya kigeni kwa mujibu wa kifungu hicho. Kwa mashamba ya kilimo masharti ni makali zaidi: mauzo huhitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na bodi hutakiwa kukataa iwapo mnunuzi si raia, au ni kampuni ya kibinafsi yenye mwanachama asiye raia.

Wapo wanaokwepa vizuizi hivyo kwa kununua shamba kwa jina la ndugu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 huichukulia hatimiliki kuwa ushahidi wa awali kwamba aliyetajwa humo ndiye mwenye mali. Ndugu akifariki au mkizozana, aliyetuma fedha ndiye atakayehitajika kuthibitisha dai lake mahakamani, na stakabadhi za kutumia fedha pekee huenda zisitoshe.

Mtaji nao hupimwa kwa kipimo hicho hicho. Mgeni anayetaka kuishi nchini akiendesha biashara yake huomba kibali cha daraja la G, na hutakiwa kuonyesha mtaji usiopungua dola 100,000. Raia hahitaji kibali hicho. Anaweza kuanza na kibanda.

Usajili wenyewe si mgumu. Kampuni husajiliwa kupitia jukwaa la eCitizen, hata kwa mwanahisa mmoja aliye pia mkurugenzi. Baada ya hapo hufuata nambari ya PIN ya Mamlaka ya Ushuru na leseni ya biashara kutoka kwa kaunti husika.

Asiyeweza kusafiri anaweza kumteua mwakilishi kwa hati ya uwakili. Ni busara hati hiyo itaje shughuli mahususi, kwa mfano kununua kiwanja fulani, badala ya kumpa mwakilishi mamlaka juu ya mali yote.

Maombi ya kurejesha uraia hushughulikiwa na Idara ya Huduma za Uhamiaji, na walio nje ya nchi wanaweza kupata maelezo katika balozi za Kenya. Ombi hilo litangulie mkataba wowote wa ununuzi wa ardhi.