Ziwa la Tshangalele: Mto Lufira, Umeme wa Shaba na Ndege wa Kinamasi

Mwanafunzi wa Lubumbashi akiombwa kutaja maziwa ya Katanga, huanza na Mweru na Upemba, kisha hutaja Tshangalele bila kusita, kana kwamba Muumba ndiye aliyeliweka pale. Ramani za kabla ya miaka ya 1920 kwisha hazina ziwa hilo. Zina Mto Lufira tu, unaokwenda polepole katika uwanda wa nyasi kabla ya kuanguka kwenye maporomoko ya Mwadingusha, ambayo Wabelgiji waliyaita kwa jina la mwanajiolojia wao Jules Cornet. Nia ya makala haya ni kueleza maji yalikusanywa pale kwa haja ya nani, na ni viumbe gani waliopoteza au kufaidika.

Isidhaniwe kwamba bonde la Lufira lilikuwa pori lisilo na historia. Wasanga walichemsha chumvi ya Mwashya kizazi baada ya kizazi, na chumvi hiyo ilisafiri mbali. Katika bonde hilohilo, upande wa chini, Msiri alijenga mji wake wa Bunkeya, ambako misafara ya Waswahili ilifika kutafuta shaba na pembe za ndovu, na kwa njia hiyo lugha yetu ilitangulia kusikika huku kabla ya serikali yoyote ya kizungu. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Mwaka uliofuata Cornet, aliyekuja na msafara wa Bia na Francqui, alichunguza miamba ya shaba. Kutoka hapo historia ya mto ikaanza kuandikwa na watu wa migodi.

Kampuni ya Union Minière ilizaliwa mwaka 1906. Mwanzoni iliyeyusha shaba kwa moto wa makaa, lakini kusafisha madini kwa njia ya umeme, kama ilivyokusudiwa huko Likasi (wakati huo Jadotville), kulidai nguvu nyingi isiyokatika. Kwa hiyo mwaka 1925 iliundwa Sogefor, na mwaka 1930 kituo cha Mwadingusha kikaanza kazi, kikiitwa Francqui. Maporomoko yenye kimo cha zaidi ya mita 100 yalitosha kwa mashine. Yaliyopungua yalikuwa maji ya kiangazi. Mvua za Katanga hunyesha toka Novemba hadi Aprili hivi, kisha mto hunywea. Ukuta ulijengwa ili maji ya masika yawekwe akiba na kufunguliwa kidogo kidogo. Na kwa kuwa uwanda ule ni tambarare, kimo kidogo cha maji kilienea mahali pakubwa: likapatikana ziwa la takriban kilomita za mraba 400, pana mno lakini lenye kina kifupi. Kituo cha pili, Koni, kilifuata chini yake mwaka 1950, kikapewa jina la Bia.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Uwanda wa mafuriko huishi kwa mapigo mawili: kujaa na kukauka. Maji yakipanda, samaki huingia majanini kuzaa; yakishuka, nyasi changa huchipuka na wanyama hushuka kulisha. Bwawa hulitoa pigo moja. Majirani zetu wa Zambia wanajua gharama yake. Kwenye tambarare za Mto Kafue, ambao pia hunywesha jiji la Lusaka, yalijengwa mabwawa mawili katika miaka ya 1970, moja juu na moja chini ya tambarare. Lechwe wa Kafue, paa wa majini wasiopatikana penginepo, walihesabiwa kuwa takriban 90,000 mwanzoni mwa miaka hiyo. Hesabu za baadaye zilishuka hadi karibu nusu. Ujangili nao una sehemu yake, wala haifai kulibebesha bwawa lawama zote. Lakini malisho yaliyobaki chini ya maji wakati wa kiangazi hayaliwi na mnyama yeyote wa nchi kavu.

Lufira haikupata Kafue yake iliyohesabiwa. Mtaalamu aliyeorodhesha ndege wa ziwa kwa bidii, Jean-Claude Ruwet wa Chuo Kikuu cha Liège, alifanya kazi yake karibu mwaka 1960, miaka 30 baada ya ukuta. Alichokikuta kilikuwa tayari nchi nyingine: mafunjo na matete kandokando, tilapia wakichimba viota vyao kwenye maji mafupi, makundi ya ndege wa majini. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili unapoonekana, kwani ziwa la viwanda lilikuwa limejifanyia kinamasi chake. Miongoni mwa ndege aliowakusanya Ruwet alikuwamo mmoja wa jamii ya kwera, ambaye mwaka 1982 alielezwa kuwa aina ya pekee na kupewa jina lake, Ploceus ruweti. Baada ya hapo hakuonekana tena na wataalamu hadi mwaka 2009, alipopatikana palepale Tshangalele akijenga viota kwenye vichaka vya majini. Je, aliishi kwenye vinamasi vya Lufira kabla ya 1930? Kwa akili ya kawaida, ziwa halikumuumba katika miaka 30. Basi ukuta ulimzamishia makao, kisha ukampa mengine.

Makao hayo si salama. Mito inayopita kwenye viwanda vya Likasi huteremsha shaba na kobalti ziwani, na uchunguzi umekuta madini hayo katika matope na katika samaki wanaoliwa na wenyeji. Bonde la Lufira limetambuliwa chini ya mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2017, lakini mwenye kushika ufunguo wa maji ni kituo cha umeme. Mashine za Mwadingusha zilikarabatiwa na kurudishwa kazini mwaka 2021, sehemu ya nguvu yake ikielekezwa migodi ya Kamoa, karibu na Kolwezi. Kimo cha ziwa hupanda na kushuka kufuatana na mvua na haja ya mashine hizo, na viota vya kwera huning'inia juu ya maji hayohayo.