Mhina: Mmea wa urembo unaostahili nafasi uani

KATIKA Kisiwa cha Lamu na mitaa ya kale ya Mombasa, bibi harusi hahesabiwi kuwa amepambwa hadi mikono na miguu yake itiwe hina. Nao wazee wa Garissa, Wajir na Mandera huitumia hina kutia rangi ndevu zilizoota mvi.

Hata hivyo, wapo wanaonunua unga wa hina dukani mwaka baada ya mwaka bila kujua kwamba mmea unaoutoa, mhina, waweza kukuzwa kwa urahisi nyumbani.

Mhina ni mti mdogo wenye matawi mengi, ambao kwa kawaida hufikia kimo cha kati ya mita mbili na sita. Majani yake ni madogo na huota mawili mawili yakielekeana. Maua yake, yenye rangi nyeupe, ya maziwa au ya waridi, huchanua kwa vishada na kutoa harufu nzuri inayosikika kutoka mbali.

Wataalamu wa mimea huuita Lawsonia inermis. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake 'usio na silaha', yaani usio na miiba. Lakini anayepogoa mhina uliokomaa na ajihadhari, kwani matawi yake ya zamani huwa na miiba mikali.

Rangi ya hina hutokana na kemikali iitwayo losoni iliyomo majanini. Majani yaliyosagwa yakikorogwa kwa maji au maji ya ndimu, kemikali hiyo hujitenga na kushikamana na ngozi, kucha au nywele. Mwanzoni rangi huwa ya chungwa, kisha hukolea na kuwa hudhurungi baada ya siku mbili hivi.

Kwa hivyo, hina halisi haitoi rangi nyeusi papo hapo. Kile kinachoitwa 'hina nyeusi' au piko mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD. Kemikali hiyo inaweza kusababisha malengelenge na makovu. Isitoshe, aliyewahi kudhurika anaweza kudhurika tena kila anapotumia rangi ya nywele yenye kemikali hiyo. Anayepanda mhina wake mwenyewe anajua anachojipaka.

JINSI YA KUUKUZA

Mhina hupenda jua kali na joto, na hustahimili ukame pamoja na udongo usio na rutuba nyingi. Adui zake wakubwa ni baridi na maji yanayotuama, ambayo huozesha mizizi. Ndiyo sababu hustawi Pwani na katika maeneo makavu ya nchi, ilhali hutaabika katika nyanda za juu zenye baridi.

Njia rahisi ya kuupanda ni kwa kutumia vipande vya matawi. Kata tawi lililokomaa kiasi, lenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, uondoe majani ya chini na kulichomeka katika udongo wenye mchanga. Weka kivulini na umwagilie maji kiasi hadi lichipuke.

Anayetumia mbegu hana budi kuziloweka kwa siku kadhaa, akibadilisha maji kila siku. Kwa kuwa ni ndogo mno, zichanganywe na mchanga kabla ya kusiwa kitaluni, ili zisirundikane mahali pamoja.

Mche ukishapata nguvu, uhamishie shambani mvua zinapoanza. Mwagilia maji mara kwa mara katika miezi ya kwanza, kisha upunguze. Anayetaka uzio aipande miche kwa kukaribiana na kuipogoa mara kwa mara ili itoe matawi mengi.

KUVUNA NA KUTUMIA

Usiwe na pupa ya kuvuna mwaka wa kwanza. Uache mmea ujenge mizizi. Baadaye unaweza kukata matawi mara mbili kwa mwaka, nao utachipuka tena. Ukitunzwa vyema, huvunwa kwa miaka mingi.

Majani yakaushwe kivulini, kwani jua kali hupunguza ubora wa rangi. Kisha yatwangwe, yachekechwe na kuhifadhiwa katika chombo kikavu kinachofungika vizuri, mbali na mwangaza.

Ingawa hina halisi ni salama kwa watu wengi, haifai kupakwa watoto wachanga. Wenye upungufu wa kurithi wa kimeng'enya cha G6PD, ambao hupatikana zaidi katika maeneo yenye malaria, wanaweza kuharibikiwa na chembechembe nyekundu za damu. Mtoto akibadilika rangi na kuwa manjano au kulegea baada ya kupakwa, apelekwe hospitalini mara moja.