Kinanda cha Chumbani: Nasaba ya Piano ya Nyumbani na Mizani ya Kuipimia

Mtu aingiaye dukani leo kutafuta piano ya dijitali ya nyumbani, ile iliyoundwa mfano wa kabati jembamba, yenye vibao 88, pedali tatu miguuni na spika zilizofichwa ndani ya mbao, aghalabu hupokewa kwa hesabu: sauti ngapi za ala mbalimbali zimo ndani yake, noti ngapi zaweza kulia kwa pamoja, nyimbo ngapi zimehifadhiwa. Hesabu hizo si za uongo, walakini hazimfunulii mnunuzi jambo alihitajilo mwanafunzi kuliko yote, yaani mkono wake utajifunza nini baada ya kukaa mbele ya chombo hicho kila jioni kwa miaka. Nia yangu katika makala hii ni kuirudisha piano hiyo kwenye nasaba yake, maana inayo, tena ndefu. Na yakini yangu ni kwamba aijuaye nasaba hiyo ataipima kwa insafu zaidi kuliko yule aionaye kuwa nakala pungufu ya piano kubwa ya ukumbini.

Huko Ulaya, tangu karne ya 15, ala za vibao zilikuwa na makazi mawili. Kanisani na katika majumba ya wakuu zilikaa ogani na hapsikodi, vyombo vilivyoundwa ili visikiwe na hadhara. Chumbani ilikaa klavikodi, sanduku jepesi la mbao liwekwalo juu ya meza, ambalo sauti yake ni ndogo hata mazungumzo ya watu wawili huweza kuifunika. Ufundi wake ulikuwa sahili mno: mwisho wa kila kibao palikazwa kipande kidogo cha shaba, nacho, kidole kikibonyeza, kiliinuka kikaugusa uzi na kubaki pale pale mpaka kidole kiondoke. Kwa hiyo kati ya kidole na uzi uliao hapakuwa na kitu ila kijiti kimoja cha mbao na kile kipande cha shaba. Mpigaji aliyetetemesha kidole aliitetemesha sauti, aliyekandamiza kwa pupa aliipotoa, na mwenye mkono wa adabu alisikia adabu hiyo ikimrudia masikioni. Hapsikodi, kwa upande wake, huudonoa uzi kwa ncha ya unyoya, na ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole jawabu lake ni karibu lile lile.

Carl Philipp Emanuel Bach, mwana wa Johann Sebastian na mpigaji katika jumba la mfalme wa Prussia, alipotoa mjini Berlin mwaka 1753 kitabu chake juu ya sanaa ya ala za vibao, alishauri kwamba mpigaji mwema awe nazo zote mbili, hapsikodi na klavikodi, na akashuhudia kuwa klavikodi ndiyo imhukumuyo mpigaji kwa usahihi. Nautilia mkazo ushahidi huu kwa kuwa wengi hudhani ala ya nyumbani ni ala ya dhiki, inunuliwayo na asiyeweza kupata iliyo bora. Bach hakuwa mtu wa kukosa ala. Jumba alilolitumikia lilikuwa nazo tele. Aliisifu ile ndogo kwa sababu ya kile ilichokifichua mkononi.

Piano yenyewe ilizaliwa Florence, katika karakana ya Bartolomeo Cristofori, fundi mwenyeji wa Padua aliyemtumikia Ferdinando de' Medici. Orodha ya ala za jamaa hiyo ya mwaka 1700 inaitaja. Alichokivumbua si nyundo tu, kwani nyundo yoyote yaweza kupiga uzi. Alivumbua njia ya nyundo kurushwa kisha kuachiliwa mara moja, hali kidole bado kimekishikilia kibao, ili uzi ulie kwa uhuru wake. Kuanzia hapo kidole hakikuambatana na uzi tena. Kilirusha nyundo, na yote aliyokuwa nayo mpigaji ya kusema yalitiwa katika mwendo ule mfupi wa kurusha, kabla nyundo haijaponyoka. Msomaji na alishike neno hili, maana ndilo lililomwezesha fundi wa elektroniki, karibu miaka 300 baadaye, kuiga piano bila ya uzi hata mmoja: ikiwa karibu kila kitu kimo katika kasi ya nyundo, basi awezaye kuipima kasi hiyo ameupata msingi wa kazi yote.

Piano ya Cristofori ilikuwa kubwa, na bei yake ilikuwa ya watawala. Aliyeifungulia milango ya nyumba za watu wa kadiri ni Johannes Zumpe, Mjerumani aliyehamia London, ambaye piano zake za mstatili, zilizofanana na meza, zilianza kuonekana mwaka 1766. Ili ziwe rahisi kuundwa na nafuu kununuliwa, Zumpe aliuacha ule mtambo wa kuiachilia nyundo. Hivyo piano ya kwanza kuenea majumbani ilikuwa tayari na upungufu, na upungufu wenyewe ulikuwa mahali pale pale ambapo ala za nyumbani zimekuwa zikipungukiwa tangu siku zile hadi leo, kati ya kidole na nyundo.

Karne ya 19 sitaikalia sana, kwa kuwa utukufu wake mwingi uliiendea piano ya ukumbini. Mwaka 1821 ilitolewa hataza ya mtambo wa Sébastien Érard uliowezesha noti moja kurudiwa upesi kabla kibao hakijapanda chote. Mafundi wa Boston na New York wakatia fremu ya chuma, hata nyuzi za piano kubwa ya leo huvutwa kwa nguvu ya jumla iliyo karibu tani 20. Piano ya nyumbani, nayo, ilisimamishwa wima ukutani ili isile nafasi. John Isaac Hawkins aliunda moja ya namna hiyo Philadelphia mwaka 1800. Na kwa kusimama huko nyundo zake, ambazo katika piano iliyolala hurudi chini kwa uzito wake zenyewe, zilihitaji kuvutwa na springi na vikanda. Watu waliikubali hasara hiyo kwa furaha. Nchini Marekani peke yake ziliundwa piano zaidi ya 350,000 katika mwaka 1909, kisha santuri, redio na dhiki ya uchumi ya miaka ya 1930 zikaiangusha biashara hiyo, na waundaji wakajibu kwa kuzifupisha piano zao zaidi na zaidi ziwe makabati ya kupendeza sebuleni. Umbo hilo la kabati fupi ndilo lililorithiwa na piano ya dijitali.

Kilikuwapo pia chombo kingine kistahilicho kukumbukwa. Katika miaka ya 1880 Mmarekani Almon Virgil alianza kutengeneza kinanda cha mazoezi kisicho na nyuzi kabisa. Uzito wa vibao vyake uliweza kuzidishwa na kupunguzwa, na badala ya muziki kilitoa mgoto mdogo kibao kikishuka na mwingine kikipanda, ili mwanafunzi ajue kama ameziunganisha noti zake au ameacha mwanya. Jirani hakusikia neno. Mwanafunzi naye hakusikia muziki, na hapo ndipo penye taksiri ya chombo kile, kwamba kilifunza mkono bila ya sikio.

Haja ya kutomwudhi jirani si haja ndogo. Japani, ambako Torakusu Yamaha alianza kwa kutengeneza ogani ya shule mjini Hamamatsu mwaka 1887, na ambako kampuni yake ilitoa piano ya kwanza mwaka 1900, ilifika katikati ya karne ya 20 ikiwa nchi ya piano nyingi ndani ya nyumba zilizobanana. Mwaka 1974, mjini Hiratsuka, mtu aliyechukizwa na sauti ya piano ya jirani aliwaua mama na binti zake wawili. Ni habari ya kutisha, nami naitaja kwa huzuni ili msomaji aelewe kwamba ukimya wa ala, ambao wauzaji huutaja leo kama starehe ya ziada, kwa watu wa miji iliyosongamana ulikuwa jambo la amani kati ya mlango na mlango.

Habari nyingine, yenye kufariji, yatoka Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Harold Rhodes, mwalimu wa piano aliyekuwa jeshini, alitakiwa kuwafundisha askari majeruhi wasioweza kuondoka vitandani. Alichukua mabomba ya alumini yaliyotoka katika ndege za kivita, akayakata kwa urefu mbalimbali, akaunda kinanda cha vibao 29 ambacho mgonjwa aliweza kukipakata juu ya mapaja yake. Sioni katika historia nzima ya ala hizi kitendo kilichoeleza vyema zaidi kazi ya kinanda cha chumbani: kumfuata mtu mahali alipo, katika hali aliyo nayo, na kumpa kazi ya mikono na sikio. Kutokana na jaribio hilo ilikuja kuzaliwa piano ya umeme ijulikanayo kwa jina lake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kampuni ya Roland ya Osaka ilitoa mwaka 1974 piano ya elektroniki, EP-30, iliyotambua nguvu ya kidole. Mwaka 1983 Yamaha ikaanzisha Clavinova, jamii ya piano za kabati iliyoendelea hadi leo. Mwaka 1984 mvumbuzi Ray Kurzweil, aliyekuwa amezungumza na mwanamuziki Stevie Wonder juu ya haja ya ala ya elektroniki yenye sauti za ala za kweli, akatoa ala iliyohifadhi katika kumbukumbu yake sauti zilizorekodiwa kutoka katika piano ya kweli.

Kwetu pwani ya Afrika Mashariki haja ya kinanda cha chumbani ina sura yake. Joto, unyevu na chumvi ya bahari huzila nyuzi za chuma, huivimbisha mbao na kuilegeza gundi. Waundaji wa Ulaya walikuwa wakitoa piano maalumu za nchi za joto zilizokazwa kwa skrubu za shaba, na hata hizo zilimtaka fundi wa kulinganisha nyuzi asiye mbali. Kisha mkono wa mtu wa pwani aghalabu umelelewa na vibao vingine. Katika taarabu ya Mombasa ilitumika hamoniamu iliyotoka Bara Hindi, na katika ala hiyo ukubwa wa sauti hutoka katika mvukuto unaosukumwa kwa mkono wa pili, si katika pigo la kidole. Mpigaji hodari wa hamoniamu ana kasi na ladha ambazo mwanafunzi wa piano angezitamani, ila kidole chake hakijawahi kutakiwa kupima uzito. Mtu kama huyo akinunua kibodi nyepesi ya springi, hatajifunza alilokuwa hana.

Kwa hiyo mizani yangu huanza na kibao. Katika piano ya dijitali iliyo njema kila kibao huinua nyundo ndogo isiyopiga kitu, iliyowekwa kwa ajili ya uzito wake tu, na vibao vya sauti nene huwa vizito kidogo kuliko vya sauti nyembamba, kama ilivyo katika piano ya nyuzi. Chini yake vimo vihisio: viwili hupima muda unaopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili, na kwa muda huo chombo hujua kasi; cha tatu, kiwapo, huwezesha noti kurudiwa kabla kibao hakijapanda chote, jambo lile lile alilolitafuta Érard mwaka 1821. Mnunuzi na airudie noti moja upesi huku akikiinua kidole nusu tu, asikie kama yoyote inapotea. Kisha atie kidole ndani kabisa, kati ya vibao vyeusi, karibu na ubao wa mbele yake, abonyeze kwa upole. Iwapo kibao kinagoma hapo, fundi amekifupisha upande usioonekana, na egemeo liko karibu mno. Kasoro hiyo haiandikwi katika karatasi ya dukani, nayo ndiyo nionayo kuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu mwanafunzi hatajua kwamba tatizo ni la chombo. Atadhani mkono wake ni dhaifu.

Sauti na ijaribiwe kwa subira. Noti nene moja, ishikiliwe mpaka ife. Katika piano ya nyuzi sauti hubadilika rangi inapofifia, na katika dijitali ya haraka haraka utasikia kipande kile kile kikizunguka na kupungua. Noti hiyo hiyo ipigwe kwa upole kadiri ya uwezo, halafu kwa nguvu: isizidi ukubwa tu, bali iwe sauti nyingine. Pedali ya kulia ikanyagwe nusu, maana nusu hiyo ni elimu nzima, na chombo kijuacho kukanyagwa na kuachwa tu kitamnyima mwanafunzi elimu hiyo. Hesabu ya noti ziliazo pamoja inahusu hapa, kwa kuwa pedali ikishikiliwa noti za zamani huendelea kulia na chombo chenye nafasi chache huzikata. Hata hivyo, kwa ala nyingi za leo zenye 128 au zaidi, mwanafunzi hatakuwa na sababu ya kuhangaika. Sauti 500 za filimbi na tarumbeta sina neno nazo.

Hedifoni ni neema, ila mwalimu mwema atamtaka mwanafunzi azivue mara kwa mara na kupiga kwa spika. Afadhali zaidi, kwa kuufuata ushauri wa Bach wa mwaka 1753, atafute kanisa, shule au hoteli yenye piano ya nyuzi, aombe ruhusa, na aipige kila apatapo nafasi. Huenda akaona vibao vyake ni vizito kuliko alivyovizoea, au vilegevu, au noti mbili tatu hazilii. Na hiyo pia ni sehemu ya mafunzo, kwa kuwa mpiga udi husafiri na udi wake kwapani, bali mpiga piano huikuta ala ugenini, na hana budi kuizoea kabla wasikilizaji hawajakaa.