Chakula cha Mama na Uhai wa Mimba

Mwili hula ili ukue, na tena hula ili uzae. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa haja hizi mbili ni moja: kwamba mnyama aliyenenepa na manyoya yake yakang'aa hakukosa kitu ambacho uzazi wake ungehitaji. Dhana hiyo ilivunjwa na panya.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wachunguzi wa chakula waliacha kuwalisha wanyama wa maabara vyakula vya kawaida, wakawatengenezea chakula kilichosafishwa, ambacho kila sehemu yake ilijulikana. Katika Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, Herbert Evans na Katharine Scott Bishop waliwapa panya wao protini ya maziwa, wanga, mafuta ya nguruwe na chumvi, wakaongeza vitamini zilizokwisha kutambuliwa siku zile. Panya wakakua vyema. Wakapandana, mimba zikaingia. Lakini siku za kuzaa zilipowadia, hapakuwa na kitoto.

Mtu mwenye haraka angewaita panya hao tasa, na shauri lingeishia hapo. Evans hakuwa na haraka. Pamoja na Joseph Long alikuwa amechunguza mzunguko wa uzazi wa panya, hata akaweza kupambanua hatua zake. Ikaonekana kuwa yai lilitoka kwa wakati wake, likatungishwa, na kiinitete kikajishikiza katika mji wa mimba na kuanza kuumbika. Kisha kilikufa, na mwili wa mama ukakiyeyusha na kukifyonza. Kasoro, basi, haikuwa katika kushika mimba, bali katika kuilea.

Mwaka 1922 Evans na Bishop walitangaza kuwa chakula kile kilipungukiwa na kitu kisichojulikana bado. Majani mabichi ya saladi yalipoongezwa, majike walizaa. Kiini cha punje ya ngano nacho kilitenda vivyo hivyo. Kwa madume msiba ulikuwa mzito zaidi, kwa kuwa kende zikisha kuharibika, chakula chema hakikuzirudishia uwezo wake. Kitu hicho kikapewa jina la vitamini E. Evans na wenzake walikitenga katika mafuta ya kiini cha ngano mwaka 1936, wakakiita tokoferoli, jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuleta uzazi.

Likabaki swali la pili: je, kiinitete kisichokufa kwa upungufu hutoka salama? Mwaka 1933 Fred Hale, wa Texas, alieleza habari ya nguruwe aliyenyimwa vitamini A kabla ya kupandwa na mwanzoni mwa mimba. Alizaa watoto 11, wote pasipo macho. Mwaka 1940 Josef Warkany na Rose Nelson, mjini Cincinnati, walionyesha kuwa panya waliolishwa chakula pungufu walizaa watoto wenye mifupa iliyoharibika. Kilema ambacho wengi wangekihesabu kuwa urithi wa damu kiliweza kutokana na chakula.

Panya si mtu, na vitamini E haikuwa dawa ya utasa wa binadamu kama wengine walivyotumaini. Lakini njia iliyofunguliwa na wanyama hao haikupotea. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitangaza kuwa wanawake waliokwisha kupata mimba yenye kasoro ya uti wa mgongo au ubongo, walipotumia asidi ya foliki tangu kabla ya kushika mimba nyingine, hatari ya kasoro hiyo kurudi ilipungua kwa asilimia 72.

Neno la kushika ni hilo la kabla. Kiinitete huumbwa katika siku ambazo mama huenda hajajua kuwa ana mimba, na hujengwa kwa akiba iliyomo mwilini mwake. Anayengoja tumbo lionekane ndipo amlishe mama vyema, amechelewa. Wala asimlaumu mama kwa mimba iliyoharibika: panya wa Berkeley walikula kila walichopewa, wakashiba.