Picha, Mashine Kuukuu na Sauti ya Msimulizi

Siku hizi wako wasanii ambao hukusanya projekta, kamera na skrini zilizotupwa, wakaziunganisha upya, wakaonyesha picha ukutani na kuzigeuza papo hapo mbele ya watazamaji. Usanii huo husifiwa kuwa ni mpya. Lakini mwenye kuichungua historia ya Afrika Mashariki ataona kuwa kuonyesha picha kwa vyombo rahisi ni jambo la zamani kwetu, na kwamba kilichokuwa hai ndani yake hakikuwa picha, bali sauti.

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham walianzisha mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliodumu hadi 1937. Fedha zao zilikuwa haba. Kwa hiyo walitumia filamu nyembamba ya milimita 16, na maneno wakayatia katika sahani za santuri. Unyonge huo ulizaa faida: picha ilibaki ile ile, bali sahani iliweza kubadilishwa kwa kila lugha. Wageni ndio waliochagua picha, lakini maana iliwafikia watazamaji kwa kinywa cha Mwafrika.

Video ilipoenea, kinywa hicho kilipata uhuru. Katika vibanda vya Kampala, tangu miaka ya 1980, wasimulizi walishika maikrofoni, wakapunguza sauti ya filamu ya kigeni, wakaitafsiri, wakaikejeli na kuiongezea mithali. Dar es Salaam ikampata Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Mtambo ulikuwa televisheni moja, deki, na spika. Ufundi wote ulikuwa katika ulimi.

Sasa tuitazame miji ya Ngara na Biharamulo. Kwa miaka mingi miji hiyo ilitegemea umeme wa jenereta za dizeli, mbali na gridi ya taifa. Humo husemwa Kihangaza na Kishubi pamoja na Kiswahili; na mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa malaki, wakapiga kambi Benaco. Mahali penye lugha nyingi na umeme haba, mfasiri si pambo la onyesho. Bila yeye, picha ni bubu.

Hapa ndipo ilipo hasara yetu. Filamu za Hollywood na Hong Kong zimehifadhiwa. Maneno yaliyosemwa juu yake vibandani, kwa sehemu kubwa, yalikufa usiku ule ule yalipotamkwa. Wanachuo wa fasihi simulizi hufunga safari ndefu kutafuta ngano za wazee, nao wakampita msimulizi wa kibandani wakidhani kazi yake ni kelele. Deki iliyoharibika hupata fundi wa kuitengeneza. Sauti iliyopotea haina fundi. Yafaa basi wasimulizi walio hai waandikwe sasa, kwa majina yao na kwa lugha zao, kabla historia ya sanaa hii haijabaki kuwa historia ya mashine peke yake.